Mvua haikatiki na watoto watatu wamo ndani kutwa. Nyinyi mnawashughulisha na nini?

Mama Watatu, Umoja (mwanzilishi wa uzi)

Habari za jioni wazazi wenzangu. Naandika kitinda mimba wangu akiwa amelala mapajani, na hawa wawili wakubwa wanagombania mto wa kochi. Leo ni siku ya tano ya mvua mfululizo tangu shule zifungwe. Tunakaa ghorofa ya nne, sebule na chumba kimoja cha kulala. Pale chini ambapo zamani watoto walichezea mchezo wa kati sasa panaegeshwa magari, na mvua ikinyesha panakuwa dimbwi. Kwenye korido mwangalizi wa jengo hataki kusikia sauti ya mtoto.

Mkubwa ana miaka 9, wa kati 6, mdogo miwili na nusu. Siku ya kwanza ilipita vizuri, tukapika mandazi, wakatazama katuni. Ya pili nikawaachia simu nipate kufua. Ya tatu wakaamka wakiulizia simu kabla hata ya kunawa uso. Jana bando likaisha, stima nayo ikapotea saa nane mchana. Wa kati alilia dakika arobaini. Hakuwa na njaa, hakuwa ameumia. Alikuwa anakililia kioo cha simu. Nilikaa karibu naye nikimsugua mgongo na nikaona kwamba hapa mimi ndiye ninayetakiwa kubadilika kwanza.

Naomba msinipe vitu vya kwenda kununua. Nipeni mambo mliyoyafanya wenyewe, katika nyumba kama yangu, na yakawashika watoto zaidi ya dakika kumi.

Baba Pacha, Zimmerman

Pole sana mama. Usijilaumu kwa ile simu, nguo zilikuwa lazima zifuliwe.

Kwangu kilichosaidia ni kutoa godoro. Saa tatu asubuhi, baada ya chai, nalilaza godoro la watoto sakafuni sebuleni, nalisukuma mpaka liguse ukuta, kisha naondoa meza. Wanaruka, wanabingirika, wanapigana mieleka kwa sheria tulizoandika na kubandika ukutani: hakuna kushika shingo, hakuna kuruka mwenzio akiwa amelala chini, na ukisema "basi" ni basi. Nusu saa ya hivyo, halafu ndiyo unaweza kuwaambia wakae wachore. Ukianza na kuchora kabla hawajatoa nguvu zile, penseli zitavunjwa.

Majirani wa chini nilikwenda kuwabishia hodi kabla. Niliwaambia saa yenyewe, kuanzia tatu hadi tatu na nusu. Tangu hapo hawajalalamika.

Mwalimu wa PP2, Donholm

Baba Pacha amegusa penyewe. Mimi ni mwalimu wa watoto wa miaka 5 na naona jambo hili kila msimu wa masika. Mtoto aliyefungiwa ndani hana shida ya kukosa vitu vya kuchezea. Mwili wake haujatembea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho. Kukaa mbele ya skrini wasizidishe saa 1. Huyo wako wa miaka miwili na nusu naye kiasi cha skrini ni hicho hicho.

Dakika 180 ndani ya sebule zinatisha ukizisikia, lakini zinagawanyika. Kubeba nguo zilizokunjwa moja moja kutoka kochini hadi kabatini inahesabika. Kucheza muziki inahesabika. Nyama nyama nyama inahesabika sana. Mnaijua: mmoja anaita "nyama nyama nyama", wanaitikia kwa kuruka, "nyama!" Akitaja ng'ombe wanaruka, akitaja mbuzi wanaruka, akitaja paka, atakayeruka ametoka. Darasani kwangu waliotoka hawakai bure, wanakuwa waamuzi. Nyumbani fanya hivyo hivyo, kwa sababu mtoto aliyetolewa mchezoni na hana la kufanya ndiye anayekwenda kumchokoza mdogo wake.

Jambo la pili nililojifunza kwa miaka mingi: anza nao. Usiwaambie "nendeni mkacheze". Keti chini dakika kumi na tano, ucheze kweli, simu ikiwa chumba kingine. Mchezo ukishakolea, inuka polepole ukakoroge mboga zako. Watoto wakishaingia mchezoni hawakuhitaji tena, ila kuingia ndiko kunakowashinda.

Na kama una unga wa ngano, vikombe viwili vya unga, kikombe kimoja cha chumvi, kijiko kikubwa cha mafuta, maji uongeze kidogo kidogo hadi donge lako lisinate mkononi. Huo ni udongo wa kufinyanga wa wiki nzima ukiufunga kwenye mfuko wa plastiki. Mdogo asiachiwe aule, chumvi ni nyingi mno.

Mama Mboga, Githurai

Mwalimu nakuheshimu, na hayo ya kuanza nao nimeyachukua. Lakini kwa unga tutakosana. Vikombe viwili vya ngano kwangu ni chapati za jioni. Siwezi kuwafundisha watoto kwamba unga ni wa kuchezea halafu kesho niwaambie wale kidogo.

Mimi wangu nawapa kazi, na siwadanganyi kwamba ni mchezo. Mvua ikinyesha wateja wanapungua lakini minji (njegere) lazima iambuliwe. Namwaga gunia la minji yenye maganda kwenye turubai katikati ya chumba. Wa miaka 7 na wa 10 wanaambua, wa 4 anatenga: mbichi kabisa huku, zilizokomaa huku, zenye wadudu kwenye kikopo. Kila gorogoro, lile kopo la kupimia, likijaa mkubwa anaandika daftarini. Jioni tunapiga hesabu pamoja, tumeambua ngapi, nitauza ngapi, zimebaki ngapi. Yule wa 10 alikuwa anaogopa hesabu za kugawanya. Sasa ananirekebisha mimi mbele ya wateja.

Kuna kitu nimekiona kwa macho yangu. Huyu wa 4 akipata ganda lenye minji tisa anapiga kelele, "Mama, tisa!" Wote wanasimamisha kazi kuja kuhesabu. Saa mbili zinapita hivyo. Mtoto anapenda kujua kwamba alichofanya kimeliwa, au kimeuzwa. Wapeni kazi za kweli.

Mwalimu wa PP2, Donholm

Mama, umenifunza. Naondoa unga. Kwa kufinyanga tumieni magazeti ya zamani: yachaneni vipande vidogo, yaloweke usiku kucha, asubuhi yakamueni na kuyachanganya na uji mzito kidogo uliopoa. Hukauka polepole siku za mvua, lakini hukauka.

Muuguzi wa Zamu, Eastlands

Samahani naingilia, na sitaki kuwatisha. Msimu wa mvua na baridi tunapokea wodini mambo ambayo yangezuilika.

Jiko la makaa halikai ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mnaota moto tu, hata kama makaa yamekuwa mekundu na hayatoi moshi. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Mtoto anaanza kulegea na kuumwa kichwa, mnadhani ni usingizi wa mvua. Fungua dirisha, na jiko litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala. Baridi tuiondoe kwa soksi, sweta na mablanketi.

Ndoo na karai za kukinga maji ya mvua: mtoto wa mwaka mmoja au miwili anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji machache tu, kwa kuwa kichwa ni kizito akiinama na hawezi kujiinua. Funika au weka juu. Mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda. Na hizi minji tunazozitaja hapa, maharagwe na gololi pia, mtoto wa chini ya miaka 3 asikae nazo peke yake. Haragwe likiingia puani hunyonya unyevu na kuvimba, na kulitoa inakuwa taabu. Usilichokonoe, mlete hospitali.

Baada ya hapo, chezeni. Mchezo ni dawa.

Askari wa Usiku, Kariobangi

Nimesoma yote mpaka hapa. Yangu ni tofauti kidogo. Nalinda usiku, nafika nyumbani saa moja asubuhi nikiwa nimelowa, na lazima nilale mpaka saa nane ndiyo niweze kurudi kazini. Tuna chumba kimoja, tumekigawa kwa pazia. Mama watoto huenda kufulia watu. Watoto ni wawili, miaka 8 na 6. Siku za jua wanacheza nje hadi nitakapoamka. Siku za mvua wako upande wa pili wa pazia, na wanajitahidi jamani, nawasikia wakinong'onezana "baba amelala". Inaniuma kuwasikia wakibana kicheko. Mruko na godoro kwangu haviwezekani. Kuna michezo ya kimya?

Shosho wa Kayole

Mwanangu, Mungu akubariki kwa kuumia kwa ajili ya kicheko chao. Wengi wangewapigia kelele.

Nimelea watoto sita kwenye nyumba ya mabati, na sasa nakaa na wajukuu wanne. Mvua ikipiga mabati hata ukitaka kuzungumza husikiki. Kwa hiyo tulijifunza michezo isiyo na sauti. Mmoja anaigiza kazi bila kusema: kinyozi, dereva wa matatu, fundi cherehani, mama anayeosha vyombo. Wengine wanaandika jibu kwenye kipande cha karatasi. Huyo wa 6 ambaye hajui kuandika vizuri atachora. Ukiamka saa nane wakuonyeshe karatasi zote na wewe ubashiri. Hapo wanakusubiri kwa hamu, hawakusubiri kwa hofu.

Uzi nao. Uzi wa sufu mrefu kama mkono mara mbili, ukafungwa ncha, ukazungushwa vidoleni kutengeneza wavu, daraja, kitanda. Wajukuu wangu wanaweza kukaa na uzi mmoja asubuhi nzima. Kushona vifungo pia, wavulana kwa wasichana. Wangu wa miaka 8 anashona kifungo kisitoke.

Jioni ukishaamka, na stima ikipotea, washa tochi, piga vivuli ukutani, na muanze vitendawili. Lakini muanze vizuri: "Kitendawili!" "Tega!" Akishindwa mtu, aombwe mji. Sisi siku hizi tunatoa kaunti. Ziko 47 na hairuhusiwi kurudia iliyokwisha kutolewa. Wa darasa la tatu alianza akijua sita, sasa anatoa hadi Tana River na Elgeyo Marakwet ili tu asishindwe. Na anayepewa kaunti lazima aeleze alichokula huko kabla ya kutoa jibu.

Waacheni watunge vyao pia. Wiki jana mdogo wa hapa alitega hiki: "Anapiga ngoma juu ya nyumba yetu na hajawahi kuingia kunywa chai." Tulishindwa wote. Akapewa Turkana, akala samaki wa ziwani mpaka akashiba, ndipo akatuambia: mvua.

Askari wa Usiku, Kariobangi

Shosho, asante. Kesho naanza na zile karatasi.

Jirani wa Pipeline

Ndugu Askari, uliza kama kuna jirani anayeweza kubadilishana nawe. Ploti yetu ina milango mingi na watoto ndio usiseme. Mwaka 2024 mafuriko yalipofanya ufunguzi wa shule usogezwe kutoka Aprili 29 hadi Mei 13, tulikaribia kuchanganyikiwa. Mama mmoja akapendekeza zamu. Nyumba nne, saa mbili kila nyumba kwa siku yake. Siku yako watoto wote tisa wako kwako, siku nyingine tatu una saa mbili zako za kufanya kazi au kulala. Kanuni ni mbili: hakuna televisheni wakati wa zamu, na kila mtoto anakuja na kikombe chake. Mpaka leo tunaendelea. Siku ya zamu ya fundi cherehani ndiyo wanayoipenda kuliko zote kwa sababu ya vitambaa.

Fundi Bomba

Sisi tunaipima mvua. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, iwe na pande zilizonyooka. Kata pale mabegani, ile sehemu ya juu igeuze iwe kama mdomo wa kumiminia ndani ya chupa. Chini weka changarawe isipeperushwe. Kwa kuwa chini ya chupa pana mabonde, mimina maji kidogo mpaka yafike pande zinaponyooka, hapo ndipo sufuri. Kutoka hapo bandika karatasi yenye alama za milimita. Iwekwe mahali pa wazi, mbali na ukingo wa paa na kamba za nguo. Kwetu iko juu ya jengo, na anayepanda kuichukua ni mimi au mama yao, watoto hawapandi peke yao kukiwa na utelezi.

Kila saa tatu asubuhi tunasoma, tunaandika, tunamwaga, tunarudisha sufuri. Milimita 1 ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Binti yangu alipolielewa hilo alipima sebule kwa hatua, akapiga hesabu ya ndoo ambazo zingeingia kama hatungekuwa na paa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza watu wa mabandani Mathare wanalala wapi. Tuliongea mpaka chai ikapoa.

Kwa wanaoogopa radi: wahesabu sekunde tangu mwanga hadi mlio, wagawe kwa 3, hizo ni kilomita. Mtoto anayehesabu hana nafasi ya kulia.

Msomaji wa Makadara

Siku mvua ikitulia kidogo, kumbukeni maktaba za umma. Ile ya Makadara na ya Kaloleni ni matawi ya maktaba ya McMillan, zilifanyiwa ukarabati na shirika la Book Bunk, na zina sehemu ya watoto.

Mama Watatu, Umoja

Asante. Nauli ya mvua kwa watu wanne ndiyo inanirudisha nyuma, ila nitapanga siku moja.

Mswahili wa Majengo

Salaam. Naona hakuna aliyetaja bao, na mimi siwezi kunyamaza. Sisi hapa Pumwani tumelikuta kwa wazee wetu barazani, na siku za mvua linaingizwa ndani.

Hamhitaji bao la mbao. Chukueni trei mbili za mayai, zile za karatasi ngumu zenye mashimo 30. Bao lina mashimo 32, safu nne zenye mashimo manane kila moja. Trei moja ina safu tano za mashimo sita: kateni safu moja, zibaki nne. Kwenye trei ya pili kateni kipande cha safu nne zenye mashimo mawili mawili. Viungeni kwa uzi na sindano, gundi ya maji haishiki vizuri. Hesabuni, mtapata 32. Kete ni 64, kwa wenyewe ni komwe, zile mbegu ngumu, nyinyi tumieni maharagwe au vijiwe, na mkumbuke alichosema muuguzi.

Watoto waanze na bao la kujifunza: kete mbili mbili kila shimo, zote 64 ziko chini tayari, kila mtu safu zake mbili. Anasambaza moja moja. Kete yake ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete katika safu ya mbele, na shimo la mpinzani linalolitazama lina kete, anazila zile za mpinzani na kuzisambaza upande wake. Msiwaharakishe. Mtoto wa miaka 6 atahesabu kwa kidole na atakosea, mwacheni akosee. Wakishazoea siku kadhaa, waongezeeni bao lenyewe, la kunamua kwanza (kutia kete za mkononi, moja kila zamu) halafu mtaji (kucheza kwa kete zilizo baoni tu).

Mama Watatu, Umoja

Jamani, nimerudi. Zimepita siku nane tangu nifungue uzi huu, na mvua ipo pale pale.

Godoro saa tatu asubuhi, ndiyo. Jirani wa chini nilimpelekea mandazi nikamwambia saa yangu, akasema basi binti yake wa miaka 5 apande ajiunge. Anapanda kila siku.

Kukaa nao mwanzo kulinishinda siku mbili. Dakika ya nne mkono wangu ulikuwa unatafuta simu, mimi mwenyewe. Siku ya tatu niliiweka juu ya kabati na saa ya ukutani ikatosha. Simu wanaipata saa moja jioni kwa nusu saa, na wa kati alilia siku mbili za kwanza, siku ya tatu akauliza tu kama saa imefika, akaendelea na trei yake.

Kwa maana trei ndiyo imetushika. Tuliunga kwa uzi mweusi, imepinda upande mmoja lakini mashimo ni 32. Maharagwe 64 nimeyaweka kwenye kopo lenye kifuniko kinachokaza, na mdogo akiwa macho bao linapanda mezani, yeye anapewa vifuniko vikubwa vya chupa na trei iliyobaki. Anavihamisha kutoka shimo hadi shimo na kusema "kula" kila mara. Wakubwa wanacheza wakiwa wamelala kifudifudi, videvu sakafuni, macho sawa na mashimo. Jana stima ilipotea na hakuna aliyeinua kichwa mpaka nilipoleta tochi.

Ndugu wa Majengo, mkubwa anataka bao lenyewe sasa. Ameambiwa na mzee mmoja wa hapa jengoni kuhusu shimo linaloitwa nyumba, na tangu asubuhi ananiuliza iko wapi na inaanza na kete ngapi. Nimemwambia nitauliza.

Mswahili wa Majengo

Mwambie ameuliza swali la mchezaji. Akae upande wake, aangalie safu ya mbele, ahesabu kutoka kushoto: shimo la tano ndiyo nyumba. Kwa trei yenu, aizungushie wino mwekundu, na mpinzani azungushie ya kwake vivyo hivyo. Kila mmoja atie kete 6 nyumbani, kisha mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Zinazobaki mkononi ni 22, na ndizo za kunamua, moja kila zamu. Ahesabu kwanza kabla ya kuanza, zikipungua hata moja atafute chini ya kochi.